Mkwawa: Milima ilimficha, milima ikamchosha

Na Mwandishi Wetu

UKISIMAMA Malinyi asubuhi isiyo na ukungu na kutazama kaskazini-magharibi, ng'ambo ya Mto Kilombero, utaona ukuta wa milima ulionyooka kana kwamba umechongwa kwa panga. Hiyo ni Udzungwa. Uwanda unaokanyaga uko chini ya mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, ilhali kilele kirefu cha milima ile, Luhombero, kinafikia mita 2,576.

Kwa mkazi wa bondeni anayelima mpunga na kuvua samaki, ukuta ule ni chanzo cha mito inayomletea maji na mafuriko. Lakini katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 ukuta huohuo ulikuwa mlango wa hofu. Huko juu ndiko yalikotoka majeshi ya Wahehe, na huko juu ndiko alikokimbilia mtu ambaye dola ya Ujerumani ilimtafuta kwa miaka minne bila kumtia mkononi akiwa hai.

Mtu huyo ni Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, ambaye historia imezoea kumwita Chifu Mkwawa.

Maisha yake yameandikwa mara nyingi, na kila mwanafunzi wa shule ya msingi hapa nchini anajua habari za Lugalo na za fuvu lililorudishwa. Kinachotajwa kwa haraka mno ni kile kipindi kati ya kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwaka 1894 na kifo chake mwaka 1898. Ni miaka ya vita vya milimani, vita visivyo na siku moja kubwa ya kukumbukwa, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ndiyo inayomwonyesha jemadari huyo kwa ukamilifu zaidi, pamoja na gharama waliyoilipa waliomfuata.

Mtoto wa mjenzi wa dola

Mkwawa alizaliwa Luhota, katika Iringa ya leo, mnamo mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, alikuwa mtawala wa ukoo mmoja tu miongoni mwa koo nyingi zilizotawanyika katika nyanda za juu. Kwa vita na kwa ndoa aliziunganisha koo hizo zikawa taifa lenye jeshi moja. Alijifunza kutoka kwa maadui zake: mbinu za kivita za Wasangu na za Wangoni zilichukuliwa, zikarekebishwa, zikawa za Wahehe.

Miongoni mwa waliosukumwa na nguvu hiyo mpya ni Wabena wa Mtengera. Katika miaka ya 1870, baada ya kupigwa na Munyigumba, sehemu yao iliacha nyanda za baridi ikashuka Bonde la Kilombero na kuanza maisha ya mtoni. Wazao wao ndio hao ambao vitabu vinawaita Wabena wa mitoni, na nchi ya Malinyi ni sehemu ya makazi yao. Kwa hiyo habari za Mkwawa haziwafikii watu wa huku kama hadithi ya nchi ya mbali. Ni habari za jirani wa juu, na jirani mwenyewe hakuwa mpole.

Munyigumba alifariki mwishoni mwa miaka ya 1870, na kama ilivyo desturi ya falme changa, kifo chake kilifungua mlango wa ugomvi. Mwamubambe, jemadari aliyekuwa ameoa katika familia ya mtawala huyo, alitwaa madaraka. Kijana Mkwawa akakimbilia Ugogo. Alirudi na wafuasi, akapambana na mnyang'anyi huyo mahali panapoitwa Ilundamatwe, jina ambalo hueleweka kuwa na maana ya mahali vilipolundikwa vichwa. Mwamubambe aliuawa, na Mkwawa akawa mtawala asiye na mpinzani ndani ya Uhehe.

Alikuwa bado kijana, na alitumia miaka ya 1880 kuipanua nchi. Alipigana na Wangoni mpaka pande zote mbili zikachoka na kuwekeana amani. Aliwasumbua Wasangu wa Merere, akasukuma mipaka yake kuelekea Usagara na Ugogo, na vikosi vyake vikawa vinateremka mara kwa mara hadi bondeni Kilombero kutafuta ng'ombe, watu na chakula. Misafara ya biashara iliyopita kati ya pwani na Tabora ililazimika kulipa hongo au kuonja mikuki.

Katika Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, alijenga ngome ya mawe iliyopewa jina la Lipuli. Ukuta wake ulizunguka mji mzima kwa urefu wa kilomita kadhaa. Hakuna jengo lililoweza kulinganishwa na hilo katika nchi za bara wakati ule, na Mkwawa mwenyewe aliamini kuwa halivunjiki.

Lugalo, dakika chache za asubuhi

Wajerumani walikuwa wamekwisha kuuzima upinzani wa pwani uliohusishwa na Abushiri na Bwana Heri. Mwaka 1891 kamanda wa jeshi lao, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo, alipanda bara na kikosi cha askari zaidi ya 300, wapagazi, mizinga na bombomu. Njiani alichoma makazi. Inasimuliwa kuwa Mkwawa alituma wajumbe wa kutaka mazungumzo, nao wakapigwa risasi.

Alfajiri ya Agosti 17, 1891, Wahehe wapatao 3,000 walikuwa wamelala kimya nyuma ya mawe na vichaka juu ya mteremko wa Lugalo, mashariki ya Iringa. Aliyewaongoza siku hiyo ni Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Msafara wa Zelewski ulikuja kwa mstari mrefu na mwembamba, bunduki nyingi zikiwa hazijajazwa risasi na mizinga ikiwa imebebwa vipande vipande na wapagazi na punda.

Yapo masimulizi kuwa ofisa mmoja alimpiga risasi ndege, na mlio huo ukawafanya Wahehe wadhani ishara imetolewa. Iwe hivyo au vinginevyo, mlio wa kwanza uliposikika maelfu ya watu waliteremka mbio na mikuki. Kwa muda usiozidi robo saa mambo yalikuwa yamekwisha. Zelewski aliuawa, Wajerumani wenzake wapatao tisa wakauawa, na askari zaidi ya 200 wakabaki pale pamoja na wapagazi wengi. Luteni Tettenborn, aliyekuwa nyuma ya msafara, aliponea juu ya kilima na mabaki ya kikosi, kisha akarejea pwani kwa tahadhari kubwa.

Wahehe walipata bunduki zipatazo 300 na mizinga. Lakini wao pia walipoteza watu wengi, baadhi papo hapo na wengine baadaye kwa majeraha. Mkwawa alielewa hesabu hiyo vizuri kuliko wasimulizi wengi wa baadaye. Inasemekana kuwa alizuia maombolezo ya hadharani ili nchi isijue ukubwa wa hasara.

Hata hivyo hakutulia. Mwezi Oktoba 1892 majeshi yake yaliteketeza kikosi cha Wajerumani kilichowekwa Kondoa ya Usagara, karibu na Kilosa. Wakati huohuo ugonjwa wa sotoka ulikuwa umepita nchi nzima ukiua ng'ombe, na njaa ikafuata nyuma yake. Taifa lililojengwa juu ya mifugo lilikuwa linakwenda vitani likiwa na zizi tupu.

Kalenga yaanguka, vita vyapanda milimani

Gavana Friedrich von Schele hakurudia kosa la mtangulizi wake. Kabla ya kwenda Uhehe alizunguka kwanza. Katika msafara wake wa mwishoni mwa 1893 na mwanzoni mwa 1894 alipita Bonde la Kilombero, akawapiga Wambunga, na akampata mtema Kiwanga wa Wabena kuwa rafiki.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Ni rahisi leo kumhukumu Kiwanga kwa kushirikiana na wageni. Lakini mwaka 1894 hapakuwa na Tanzania, wala Tanganyika. Alikuwapo mtawala wa bondeni ambaye watu wake walikuwa wamefukuzwa juu na baba, na sasa wanateremkiwa na mtoto. Mdachi kwake alikuwa adui wa adui yake. Alikosea kuhusu Mdachi, lakini kuhusu Mkwawa alikuwa na sababu zake.

Mwishoni mwa Oktoba 1894 Schele alifika Kalenga na mizinga. Ngome ilipigwa mabomu, na Oktoba 30 askari wake waliingia ndani. Walipigana nyumba kwa nyumba, juu ya mapaa ya tembe na katika vichochoro. Ukuta mrefu uliokuwa fahari ya nchi ulihitaji walinzi wengi kuliko waliokuwapo, na huo ndio udhaifu ambao Wajerumani waliutafuta na kuupata.

Masimulizi ya Wahehe yanaeleza kuwa Mkwawa alitaka kujilipua ndani ya nyumba pamoja na baruti yake, na kwamba watu wake walimwondoa kwa nguvu. Alitoka akiwa hai. Schele alitunukiwa nishani ya juu ya kijeshi kwao, akakusanya pembe za ndovu na baruti, kisha akaondoka. Wahehe walimshambulia hata akiwa njiani kurudi.

Ndipo vilipoanza vile vita vingine.

Vita vya ukungu na njaa

Nyanda za Uhehe ziko juu. Mji wa Iringa wenyewe uko kwenye mita zaidi ya 1,500, na kuelekea mashariki na kusini ardhi inazidi kupanda hadi misitu ya Udzungwa, kisha inaporomoka ghafla kuelekea Kilombero. Kati ya Juni na Agosti usiku wa huko unauma. Mvua zikianza, ukungu hushuka asubuhi na huweza kukaa hadi saa sita mchana, mtu asimwone mwenzake aliye hatua 30 mbele.

Askari wa Wajerumani hawakuwa watu wa baridi. Waliandikishwa Sudani, Msumbiji na pwani. Wapagazi walikuwa Wanyamwezi na watu wa pwani waliovaa kaniki. Kumpandisha mpagazi mwenye mzigo begani kutoka mita 300 hadi mita 2,000 ni kumchosha kabla hajamwona adui. Mzinga uliofaa sana kubomoa ukuta wa Kalenga haukuwa na kazi katika korongo ambalo hata njia ya mtu mmoja haipitiki bila kushika mizizi.

Bombomu nayo inahitaji shabaha iliyokusanyika, na Mkwawa hakukusanya tena watu. Hilo ndilo badiliko lake kubwa. Jemadari aliyelelewa katika vita vya maelfu, vya kushuka mteremko kwa pamoja, alijifunza akiwa na umri wa miaka 40 kupigana na watu 20 au 10. Alihama kila siku chache. Kambi zake zilikuwa vibanda vya majani ndani ya misitu na mapango yaliyo chini ya mawe makubwa. Vikosi vya doria vilishambuliwa nyuma, wachukuzi wa barua walipotea, na vijiji vilivyojisalimisha mchana vilimpelekea chakula usiku.

Huko ndiko nguvu zake zilikokuwa. Wanawake walibeba nafaka hadi mahali palipokubaliwa, wakaziacha, wakarudi. Wachungaji walitoa habari za kila doria. Wajerumani walikuta moto ambao haujazimika na nyayo mbichi, lakini mwenyewe hayupo. Ilitokea mara nyingi hata baadhi ya askari wakaamini kuwa mtu huyo ana dawa.

Hapakuwa na dawa ya kuwafaa askari wala Wahehe dhidi ya njaa. Na moto, ambao bila huo mtu hawezi kulala juu ya milima ile, ni msaliti: moshi wake huonekana mbali asubuhi isiyo na upepo. Kila mpiganaji wa milimani, awe wa Uhehe au wa nchi nyingine yoyote, hukutana na swali hilohilo, apate joto aonekane au ajifiche agande. Mtu mzima mwenye afya huweza kuvumilia majuma machache. Mkwawa aliishi hivyo kwa karibu miaka miwili mfululizo, akiwa na wake, watoto na watu wa nyumba yake ambao walipungua kila mwezi.

Bwana Sakarani abadili mchezo

Mazungumzo ya amani yaliyofanywa Oktoba 1895 hayakuzaa matunda. Mwaka uliofuata kazi ya kummaliza Mkwawa ilikabidhiwa Kapteni Tom Prince, ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani. Alizaliwa Mauritius, akakulia katika jeshi la Ujerumani, na alikuwapo katika kuangushwa kwa Kalenga. Alikuja kufa kwa risasi katika vita vya Tanga, Novemba 1914.

Prince alielewa kuwa mtu wa milimani hashindwi kwa kukimbizwa. Mwaka 1896 alijenga boma jipya, ndilo chimbuko la mji wa Iringa wa leo. Akaacha kutembea na jeshi kubwa. Alitawanya vituo vidogo, akatuma doria za watu wachache, na kila kijiji kilichoshukiwa kumlisha Mkwawa kikachukuliwa nafaka na mifugo, kikachomwa. Watu waliteremshwa kutoka milimani wakakae mahali wanapoonekana.

Halafu akaigawa nchi. Merere alirudishiwa Usangu. Mwezi Desemba 1896 Mpangile, shujaa wa Lugalo, alisimikwa kuwa mtawala wa Wahehe chini ya bendera ya Ujerumani.

Haikupita hata miezi mitatu Mpangile akanyongwa. Wajerumani waliona kuwa anamsaidia kaka yake kwa siri. Kama kweli alifanya hivyo, basi alikufa akiwa mwaminifu. Kama hakufanya, aliuawa bure. Kwa vyovyote vile Mkwawa alibaki bila ndugu wa kutegemea, na wazee wengi wa nchi wakaona hatari ya kuwa karibu na upande wowote.

Mwaka 1897 doria ziliingia ndani ya Udzungwa kwenyewe. Kwa upande wa bonde nako njia zilikuwa zimefungwa, kwa kuwa Kiwanga na watu wake walikuwa na Wajerumani. Mkwawa hakuweza kuteremka Kilombero kutafuta mpunga kama majeshi yake yalivyozoea. Genge lile lililomlinda dhidi ya mizinga likageuka kuwa ukuta wa nyuma, hana pa kupitia. Tukiitazama ramani kutoka Malinyi jambo hili linaonekana wazi kuliko linavyoonekana kutoka Iringa: hakuzungukwa na askari peke yao, alizungukwa pia na majirani aliowatendea vibaya wakati wa nguvu zake.

Ni sehemu ya habari zake ambayo wasimulizi wengi huiruka. Huenda ni kwa heshima. Lakini bila sehemu hiyo hatuwezi kueleza kwa nini mtu aliyeijua milima ile kama kiganja cha mkono wake alilazimika mwishowe kuiacha na kwenda upande wa pili, kwenye nchi kavu na yenye mawe ya bonde la Ruaha.

Siku ya mwisho Mlambalasi

Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Ilikuwa fedha nyingi ajabu kwa wakati ule. Wake zake na jamaa zake wengi walikuwa wamekwisha kukamatwa au kujisalimisha. Waliobaki naye walihesabika kwa vidole.

Nchi ilikuwa imechoka. Mashamba hayakulimwa kwa misimu kadhaa mfululizo, kwa sababu shamba lililokomaa lilikuwa shabaha ya doria. Watoto na wazee walikufa kwa njaa na baridi bila majina yao kuandikwa popote. Hakuna aliyewahesabu, na historia ya vita vile imebaki kuwa ya majemadari wawili wanaowindana, wakati idadi kubwa ya waliokufa haikuwa na mkuki wala bunduki.

Katika Julai ya mwaka huo Sajini Meja Merkl alikuwa akifuata nyayo kaskazini-magharibi ya Iringa. Alimkamata kijana mmoja aliyekuwa mtumishi wa Mkwawa, naye akaeleza kuwa bwana wake ni mgonjwa na yuko karibu. Mlio wa bunduki ulikuwa umesikika. Julai 19, 1898, Merkl na askari wake walitambaa hadi walipoona watu wawili wamelala kando ya moto. Alifyatua risasi kutoka mbali. Walipofika karibu walikuta kuwa wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Mkwawa alikuwa amejipiga risasi mwenyewe.

Mahali hapo panaitwa Mlambalasi, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini Iringa. Ni mwamba mkubwa wenye paa la jiwe, na wachunguzi wa mambo ya kale wamegundua hapo mabaki ya watu walioishi maelfu ya miaka kabla yake. Alichagua, au alilazimishwa na ugonjwa kuchagua, makao ambayo binadamu wamekuwa wakijificha tangu enzi za zana za mawe.

Kichwa kilikatwa kikapelekwa bomani kwa Prince kama ushahidi. Mwili ulizikwa palepale.

Fuvu ndani ya mkataba

Yaliyofuata ni ya ajabu kuliko maisha yenyewe. Fuvu lilipelekwa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Sir Horace Byatt, aliyekuwa mkuu wa utawala wa Kiingereza hapa nchini, alipendekeza lidaiwe. Ndivyo ilivyotokea kuwa Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ulioandikwa ili kumaliza vita vya mataifa makubwa ya Ulaya, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita.

Miezi sita ikawa miaka 35. Wajerumani walisema hawajui liliko. Waingereza nao hawakusukuma sana.

Gavana Edward Twining ndiye aliyelifufua suala hilo. Alikwenda mwenyewe hadi jumba la makumbusho la Bremen, ambako kulikuwa na mkusanyo wa mafuvu yapatayo 2,000. Yale yaliyotoka Afrika Mashariki yalitengwa, vipimo vikalinganishwa na vya jamaa zake walio hai, na likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Juni 19, 1954, Twining alilikabidhi Kalenga, mbele ya umati wa Wahehe, kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu.

Wapo watafiti waliotilia shaka kama kweli ndilo. Shaka hiyo ina msingi, kwa kuwa vipimo vya aina ile havitoshi kumtambua mtu mmoja. Ila lazima pia kukumbuka mwaka wenyewe. Mau Mau ilikuwa ikipiganwa nchi jirani, TANU ilizaliwa Julai 7 ya mwaka huohuo, na serikali ya kikoloni ilihitaji sana utulivu wa Uhehe. Gavana aliyeleta fuvu hakuwa anafanya kazi ya historia peke yake.

Adam Sapi alikuja kuwa Spika wa Bunge kuanzia mwaka 1962, akashikilia kiti hicho, ukiacha kipindi kifupi cha katikati, hadi mwaka 1994. Alifariki mwaka 1999. Mjukuu wa mtu aliyekataa kukaa meza moja na serikali ya kigeni aliongoza mijadala ya serikali ya wenyewe kwa miongo mitatu.

Bondeni, Kiwanga alibaki upande wa Wajerumani hata Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905. Agosti 30 ya mwaka huo maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge wakiamini kuwa risasi zitageuka maji, na bombomu mbili zikawasubiri. Baadhi yao walikuwa wazao wa watu walewale ambao miaka kumi tu nyuma walimwona Mdachi kuwa kinga dhidi ya Wahehe. Kikosi kilichokuja kuikomboa Mahenge mwezi uliofuata kilitoka Iringa, kwenye boma lililojengwa kwa ajili ya kumwinda Mkwawa, na njia yake ilikuwa ni kuteremka kutoka milima ileile.

Fuvu limewekwa ndani ya sanduku la kioo katika makumbusho ndogo ya Kalenga, pamoja na mikuki, ngao na bunduki. Kiwiliwili kiko Mlambalasi chini ya mnara, mwendo wa kilomita nyingi kutoka hapo. Havijawahi kuunganishwa.